Breki Zikifeli na Njia Ikiisha: Mwongozo kwa Marubani wa Ndege Ndogo

Ndege ndogo inapopitiliza mwisho wa njia ya kurukia na kusimama kwenye majani, mtaroni au kwenye ua wa waya, neno la kwanza linalosikika kiwanjani ni kwamba breki zimefeli. Wakati mwingine ni kweli: oringi (pete ya mpira inayozuia uvujaji) imepasuka, mafuta ya breki yamevuja na pedali imezama hadi sakafuni. Lakini visa vingi vya aina hii huanza mapema zaidi, ndege ikiwa bado angani, inakuja kwa kasi kubwa mno, au ikiwa juu mno, au upepo ukiisukuma kutoka nyuma, kiasi kwamba hata breki mpya zisingeweza kuisimamisha katika urefu uliobaki. Mwongozo huu unashughulikia mambo yote mawili pamoja, kwa sababu rubani aliyezoea kutua bila kuzitegemea breki amejiandaa pia kwa siku ambayo breki hazitakuwepo. Umeandikwa kwa wanaorusha ndege binafsi kama vile Cessna 172 na 182, Piper za familia ya PA-28, Cirrus na Diamond, hasa wale wanaotua kwenye viwanja vya moramu na nyasi vya Afrika Mashariki. Hauchukui nafasi ya kitabu cha ndege yako wala ya mkufunzi wako. Mahali popote utakapotofautiana na kitabu, fuata kitabu.

Hatua ya kwanza: zijue breki za ndege yako zilivyofungwa

Katika Cessna 172, ukikanyaga sehemu ya juu ya pedali ya usukani wa mkia, unasukuma pistoni iliyo ndani ya silinda ya breki, mafuta yanapita kwenye bomba jembamba hadi kwenye kalipa, yaani kibanio cha gurudumu, na pedi zinaibana diski. Hakuna pampu inayoendeshwa na injini wala akiba yoyote ya shinikizo. Nguvu yote inatoka mguuni mwako. Kila upande una silinda yake na mafuta yake, kwa hiyo breki ya kushoto inaweza kufa kabisa huku ya kulia ikiwa nzima. Pedali za kiti cha kulia zimeunganishwa kwa vyuma na silinda zilezile za rubani, hivyo kumwomba aliyeketi kulia akanyage kwa niaba yako hakuongezi chochote.

Piper za PA-28 ni tofauti, na tofauti hiyo inafaa kukaririwa. Nyingi zina mkono wa breki chini ya dashibodi, wenye silinda yake wenyewe, na mafuta hupita kwenye silinda hiyo kabla ya kufika kwenye silinda za pedali. Pedali ikilegea kwa sababu oringi ya ndani ya silinda yake imechakaa, mkono ule bado unaweza kuzibana breki za pande zote mbili. Kama ndege ina pedali za breki upande wa kulia pia, hizo nazo zina silinda zake, kwa hiyo abiria mwenye ujuzi anaweza kukusaidia. Ikiwa uvujaji uko chini kwenye kalipa au bomba lake, basi njia zote hizo zinaishia kwenye tobo hilohilo moja.

Cirrus na Diamond DA40 zina gurudumu la pua linalozunguka kwa uhuru, lisiloongozwa na pedali. Ndege hizi zikiwa katika mwendo mdogo huelekezwa kwa kukanyaga breki ya upande mmoja, na hapo breki hufanya kazi mbili: kusimamisha na kuongoza. Rubani anayetembea ardhini akiwa amefungua throtoli (mkono wa nguvu ya injini) kupita kiasi huku akizuia mwendo kwa breki huzipasha moto kabla hata ya kuruka, na joto hilo huharibu oringi za kalipa. Mafuta yakivuja juu ya diski iliyopata moto, yanaweza kuwaka. Hatari hii imewahi kuchoma ndege.

Hatua ya pili: piga hesabu kabla ya kuondoka

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo marubani wengi wa ndege binafsi wanapopita haraka. Chukua Cessna 172S. Kitabu chake kinasema kwamba usawa wa bahari, katika hali ya hewa ya kawaida, kwenye lami kavu, pasipo upepo na kwa uzito wote unaoruhusiwa, ndege hukimbia ardhini futi 575 baada ya kugusa, na huhitaji futi 1,335 ukihesabu kuanzia pale ilipokuwa futi 50 juu ya njia. Takwimu hizo zinadhani kwamba umekuja na flapu zote (mabapa ya nyuma ya mabawa) zikiwa chini, kwa kasi ya noti 61 (maili 61 za baharini kwa saa), na kwamba umekanyaga breki kwa nguvu.

Sasa ipeleke ndege hiyo kwenye kiwanja cha nyasi kilicho futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, takriban sawa na Wilson ya Nairobi, mchana wenye joto la nyuzi 25. Hewa ya hapo ni nyepesi kama ya futi 8,000 katika hali ya kawaida. Kipima kasi kitaendelea kuonyesha noti 61, lakini kasi yako halisi itakuwa karibu noti 69, na kwa kuwa nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimeza hukua kwa mraba wa kasi, mbio za ardhini zitapanda kwa zaidi ya robo, kutoka futi 575 hadi kiasi cha 730. Kitabu kinaagiza kwamba kwenye nyasi kavu uongeze asilimia 45 ya mbio za ardhini: umefika futi 1,060. Kama umekuja kwa noti 71 badala ya 61, jambo ambalo ni la kawaida sana kwa anayeogopa mnyanyuko (nguvu ya hewa inayoibeba ndege) kupotea, zidisha kwa 1.35 na utapata futi 1,430. Kama upepo wa noti 4 unavuma kutoka nyuma, kitabu kinataka asilimia 10 kwa kila noti 2, na hesabu inapita futi 1,700. Ni takribani mara tatu ya zile futi 575, na breki hazijafeli bado.

Hesabu hiyo haijagusa umbali wa angani. Ukishuka kwa mteremko wa nyuzi 3 na kuvuka mwanzo wa njia ukiwa futi 100 juu badala ya 50, umepoteza futi 950 hivi kabla magurudumu hayajagusa chochote. Na kasi ya ziada huifanya ndege ielee juu ya njia, ikikataa kukaa chini, huku njia ikipita chini yako bure.

Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza imekuwa ikiwashauri marubani wa ndege ndogo wachukue umbali wa kutua uliopatikana baada ya marekebisho yote, kisha wauzidishe kwa 1.43. Ningependa kila rubani binafsi aichukue kanuni hiyo kama sheria yake, hata pale ambapo hakuna anayemlazimisha, kwa sababu vitabu viliandikwa kutokana na ndege mpya iliyorushwa na rubani wa majaribio. Ushauri huohuo unaonya kwamba nyasi fupi sana zilizolowa zinaweza kuongeza umbali kwa asilimia 60, maana tairi huteleza juu yake. Anayetua wakati wa masika kwenye kiwanja kilichofyekwa vizuri anapaswa kulikumbuka hilo, kwa kuwa kiwanja kinachopendeza macho ndicho kinachoteleza zaidi.

Lami iliyotuama maji ina hatari yake. Tairi inaweza kupanda juu ya utando wa maji na kuacha kugusa lami, na kasi ambayo hilo huanzia hukadiriwa kwa kuchukua kipeuo cha pili cha shinikizo la tairi kwa pauni za inchi ya mraba, kisha kuzidisha kwa 9. Tairi yenye pauni 36 huanza kuelea kwenye noti 54, yaani ndani kabisa ya kasi ambayo ndege yako hugusia ardhi. Tairi isiyo na upepo wa kutosha huelea mapema zaidi.

Hatua ya tatu: kagua magurudumu kwa mikono na macho

Inama. Breki za ndege ndogo hazionekani vizuri kwa mtu aliyesimama, na katika ndege zenye vifuniko vya magurudumu inabidi upige goti na kutumia tochi. Pitisha kidole chini ya kalipa na upande wa ndani wa tairi. Mafuta ya breki za ndege hizi ni mekundu, membamba, na yakivuja huacha njia yenye vumbi lililonata. Kidole kikitoka na wekundu, safari imesimama hapo mpaka fundi aone. Angalia bomba linaloingia kwenye kalipa kama limesuguliwa au limepinda. Angalia diski: kutu nyepesi ya rangi ya machungwa, ambayo ni kawaida kwa ndege iliyolala nje Mombasa au Zanzibar siku chache, itafutika kwa kukanyaga breki mara chache wakati wa kutembea ardhini, lakini mashimo na mifereji inayoshika ukucha haifutiki. Angalia unene wa pedi. Kwa breki nyingi za Cleveland zinazofungwa kwenye ndege hizi, pedi iliyobakiza inchi 0.100, yaani milimita mbili na nusu, imekwisha.

Kisha ingia ndani ukanyage pedali moja baada ya nyingine. Zote mbili zinapaswa kuwa ngumu, kwa kina kilekile. Pedali laini kama sponji ina hewa ndani. Pedali inayozama taratibu ukiwa umeikanyaga bila kuachia inavujisha ndani ya silinda. Pedali inayokuwa ngumu baada ya kupampu mara tatu itakusaidia leo na kukuangusha kesho, na mimi nasihi isichukuliwe kuwa tabia ya ndege bali hitilafu inayosubiri kuandikwa kwenye daftari la ndege.

Kuhusu mafuta yenyewe, onyo hili halina mjadala: usiongeze mafuta ya breki ya gari. Mafuta ya gari ya kawaida hutengenezwa kwa glaikoli, na oringi za ndege ndogo nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya mafuta mekundu ya madini yanayojulikana kwa namba 5606. Vikichanganywa, oringi huvimba na kulainika, na breki inaweza kufanya kazi vizuri kwa muda kabla ya kufeli pande zote mbili. Kwenye viwanja vya mbali ambako duka la vipuri vya magari liko karibu na fundi wa ndege yuko mbali, kishawishi ni kikubwa.

Mwisho, tazama sakafu. Chupa ya maji iliyobingirika chini ya pedali huzuia breki sawasawa na silinda iliyokufa. Abiria wa mbele aelezwe, kwa upole lakini waziwazi, kwamba miguu yake isiguse pedali.

Hatua ya nne: zijaribu breki mapema, na tena angani

Ondoa vizuizi vya magurudumu, iache ndege isogee kwa mwendo wa mtu anayetembea, kisha kanyaga breki zako kabla hujakaribia ndege nyingine au watu. Zikikataa, vuta mara moja kile kitufe chekundu cha mchanganyiko wa mafuta ili injini izime. Wengi huhangaika na pedali huku propela ikiendelea kuivuta ndege kuelekea kwenye kundi la watu. Injini izimwe kwanza, mengine baadaye.

Wakati wa kuruka na kutua, visigino viwe sakafuni, vidole vya miguu mbali na sehemu ya juu ya pedali. Kuhusu kuruka kwenyewe, weka alama katikati ya njia: ikiwa hujafikisha asilimia 70 ya kasi ya kunyanyukia ulipofika hapo, funga throtoli na usimame ukiwa bado na nusu ya njia mbele yako. Kuruka kunakosuasua kwenye miinuko ya Nanyuki au Eldoret kumeacha marubani mwishoni mwa njia wakiwa na kasi kubwa mno ya kusimama na ndogo mno ya kuruka.

Unapokuwa sambamba na njia, kabla ya kugeuka kwa ajili ya kutua, kanyaga pedali zote mbili. Hii ni hatua ya sekunde mbili inayokupa habari ambayo vinginevyo ungeipata ukiwa na futi 800 tu mbele yako. Ndani ya sekunde hizohizo hakikisha kwamba breki ya kuegesha haijafungwa, kwa sababu katika ndege ambazo breki hiyo hufungia shinikizo kwenye bomba, ukikanyaga pedali huku imevutwa utatua na magurudumu yaliyokwama.

Kwenye kiwanja kisicho na mnara wala mlinzi, pita kwanza juu yake. Tafuta pundamilia na mbuzi, soma upepo kwenye moshi au majani, na uone rangi ya udongo: udongo mweusi uliolowa hunasa magurudumu na unaweza kuipindua ndege, wakati moramu iliyolowa huteleza. Chagua kitu kinachoonekana ubavuni mwa njia, mti au kibanda, kwenye theluthi yake ya kwanza. Magurudumu yakiwa hayajagusa ulipofika hapo, fungua throtoli yote na upae tena. Amua hivyo ukiwa bado mbali, kwa sauti, hata kama uko peke yako. Na kama kiwanja kinapanda kilima au kimezibwa na mlima mwishoni, mahali pa kuamua ni angani, mapema zaidi, maana baada ya hapo hakuna kupaa tena.

Hatua ya tano: breki zikifanya kazi, zitumie sawasawa

Baada ya kugusa, hakikisha throtoli imefungwa kabisa. Injini inayozunguka kwa kasi iliyozidi kidogo ile inayopasa throtoli ikiwa imefungwa huendelea kuvuta ndege katika muda wote wa kutua, na wengi hulaumu breki kwa kosa la skrubu ya kurekebishia mzunguko huo. Shusha pua kwa utaratibu. Katika ndege yenye magurudumu yasiyokunjwa, kupandisha flapu wakati huo huhamishia uzito kwenye magurudumu na kuzipa breki mshiko. Katika ndege ya magurudumu ya kukunja, ningeziacha flapu zilivyo mpaka isimame, kwa kuwa mkono unaotafuta flapu kwa haraka umewahi kukamata mkono wa magurudumu. Vuta usukani wa mkononi nyuma, kanyaga kwa uthabiti unaoongezeka. Ukisikia tairi inaburuzwa, achia kidogo kisha ukanyage tena, kwa sababu gurudumu lililokwama lina mshiko mdogo kuliko linalozunguka, na haliwezi kuongozwa.

Hatua ya sita: umegundua angani kwamba breki hazipo

Una bahati, maana una muda. Pampu pedali. Kama ndege ina mkono wa breki, ujaribu. Zikibaki laini, badilisha kiwanja. Rubani aliyekuwa anakwenda kwenye kiwanja kifupi cha mbugani anaweza kuomba njia ndefu: ile ya Jomo Kenyatta ina zaidi ya mita 4,000, ya Kilimanjaro karibu mita 3,600, na Cessna 172 iliyogusa mwanzoni mwa njia kama hizo itapungua mwendo yenyewe na kusimama bila breki kabisa. Mwambie mwongozaji wa ndege kwa maneno ya wazi kwamba huna breki na kwamba utahitaji njia yote, na usione haya kuomba gari la zimamoto. Kama njia ndefu haipatikani, tafuta inayokabili upepo, yenye kupanda, yenye nyasi kavu zilizokua kidogo.

Njoo kwa kasi ya kitabu kwa njia fupi, flapu zote, na ugusie mwanzoni. Ukishagusa, shikilia pua juu kadiri itakavyokaa, maana ndege nzima iliyoinua kifua ni kizuizi cha hewa. Hapa flapu zibaki chini. Huna breki za kuzipa uzito, na unahitaji ukinzani. Ukiwa na hakika kwamba hutapaa tena, vuta kitufe chekundu na uizime injini, kwa sababu hata throtoli ikiwa imefungwa injini inaendelea kukusukuma. Usijaribu kutoka kwenye njia kwa kugeuka kwa kasi. Simama katikati yake uvutwe.

Breki ya upande mmoja ikifa, mbinu hubadilika. Tuseme ya kushoto ndiyo iliyokufa. Ukikanyaga ya kulia, ndege itavutwa kulia, kwa hiyo gusia upande wa kushoto wa njia ili uwe na nafasi. Ukiweza kuchagua, chagua upepo wa ubavuni unaotoka kushoto, kwa kuwa ndege hupenda kugeukia upepo na mvuto huo utapambana na breki ya kulia. Tumia usukani wa mkia wakati bado una hewa ya kutosha, na breki moja kwa kugusagusa tu mwendo ukishapungua. Kwenye Cirrus au DA40 jihadhari zaidi, maana usukani wa mkia ukikosa upepo, breki iliyobaki inaweza kukugeuza upande mmoja tu.

Hatua ya saba: umegusa, na njia inaisha

Sehemu hii ndiyo inayoua, na inaua kwa namna ambayo wengi hawaitegemei. Rubani anaona mwisho unakuja, breki hazishiki, na mkono unakwenda kwenye throtoli ili apae tena. Kama nusu ya njia imekwisha na umeanza kusimamisha, baki ardhini. Ndege inayogonga ua kwa noti 20 ina nguvu mara tisa pungufu ya ile inayogonga miti kwa noti 60, na kiti, mkanda na fremu ya ndege vinaweza kukulinda katika ajali ya kwanza. Ya pili, ndege ikiwa futi 30 juu, pua ikiwa juu na mnyanyuko ukiisha, haina kinga. Ndege ina bima, inatengenezwa, inanunuliwa nyingine. Nakuomba ulikubali jambo hili leo, ukiwa umeketi mahali salama, kwa sababu katika zile sekunde nne hutapata nafasi ya kulishawishi moyo wako.

Pampu breki, jaribu mkono wa breki, vuta usukani nyuma. Zima injini kwa kitufe chekundu, funga mafuta ya injini, zima magneto (vifaa vya cheche za injini), zima swichi kuu. Waambie abiria wakaze mikanda, wainame na wakinge vichwa. Mlango ufunguliwe kidogo ili usikwame fremu ikipinda. Endelea kuongoza mpaka ndege isimame kabisa. Pitisha ndege kati ya miti miwili na uache mabawa yapate pigo, kuliko kuelekeza pua kwenye kisiki kimoja. Kama mbele kuna mto, korongo au barabara yenye magari, na mwendo umepungua, geuza kwa makusudi kwa usukani wa mkia na breki uliyonayo. Ukifanya hivyo kwa mwendo mkubwa bawa litazama na ndege itabingirika.

Ikisimama, toka na uwaondoe watu, upande wa nyuma ya bawa na mbali na propela, hadi umbali wa kutosha kutoka kwenye mafuta yanayovuja. Moshi ukitoka kwenye gurudumu na kizimamoto cha unga kipo, lisogelee kutoka mbele au nyuma yake na si ubavuni, maana gurudumu likipasuka hurusha vipande kuelekea ubavuni. Mlango wa kurudi kuchukua mizigo umefungwa mpaka kila kitu kipoe.

Baada ya hapo

Toa taarifa kwa mamlaka ya usafiri wa anga na chombo kinachochunguza ajali cha nchi uliyomo, na usiisogeze ndege kabla hujaruhusiwa, isipokuwa kuokoa maisha. Piga picha za alama za tairi tangu mahali pa kugusia. Zitaonyesha kama magurudumu yalizunguka, yaliburuzwa au yalielea kwenye maji, na upande gani haukushika.

Fundi mwenye leseni afungue kalipa zote mbili, hata kama ni moja iliyofeli, kwa kuwa oringi zilizofungwa siku moja hufikia mwisho wake karibu pamoja. Atoe upepo kwenye mfumo kama kitabu cha matengenezo kinavyoagiza. Kwa ndege nyingi ndogo mafuta husukumwa kutoka chini kwenye kalipa kwenda juu, ili hewa ipande pamoja nayo. Pedi mpya zizoeshwe joto kwa utaratibu wa mtengenezaji kabla ya safari ya kwanza, kwani pedi ambazo hazijazoeshwa hazitoi nguvu yake yote. Kisha pedali zijaribiwe injini ikiwa katika nguvu ya majaribio ya kabla ya kuruka, ndege ikiwa imezuiwa kwa breki peke yake, na ikisogea hata kidogo irudishwe kwa fundi.